Tani 248,663 si uzito

Wandugu, kila mara picha ya meli Icon of the Seas inatembea kwa simu, mutu anaandika chini: "Tani 248,663! Haizame namna gani?" Hata mimi niliisambaza. Hapo njo tunakosea: ile hesabu inapima nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli, haipime kilo. Sisi wa kilimo tunajua: gunia la pumba na gunia la mchanga yako na ukubwa mmoja, lakini jaribu kuyabeba.

Meli ilijengwa Turku, kule Ufini, vipande vikubwa vya chuma vikichomelewa pamoja. Ilianza kubeba abiria Januari 2024 toka Miami. Iko na urefu wa karibu metre 365, etaji 20, abiria hadi 7,600. Lakini ndani ya maji inaingia metre 9 na kitu tu, juu tumbo lake ni pana, na maji inayosukuma yana uzito sawa na wake. Mashini na tangi za gazi, vitu vizito, viko chini. Juu ni vyumba, yaani hewa nyingi. Hata ile bustani yao ya mimea ya kweli, udongo wake ni mzigo wa kuhesabu: ukilowa, kilo zinaongezeka juu.