Kioo cha Mlango? Funga Mwenyewe!

Vibaka wamekupitia usiku, kioo cha mlango wa gari kimebaki chengachenga? Usichanganyikiwe, mshikaji. Kazi hiyo inafanyika nyumbani kwa bisibisi, spana (nyingi za Toyota ni namba 10) na glovu nzito.

Kwanza kioo chenyewe. Pale Gerezani, Dar, ukiulizia cha mtumba taja aina ya gari, mwaka wake na mlango gani. Cha kushoto hakiingii kulia, hata muuzaji akikuapia!

Fungua skrubu za kishikio, ng'oa kava la mlango, kisha bandua nailoni taratibu. Usiitupe, ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani. Kama vioo ni vya umeme, chomoa waya wa betri kabla ya kutia mkono. Mashine ya kioo haina huruma na vidole.

Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Chenga nyingi zinalala chini, ndani ya mlango. Ukiziacha zinaziba vitundu vya kutolea maji, mlango unaoza kwa kutu. Zoa zote, bwana!

Sasa ingiza kioo kikiwa kimeinama kidogo, kikae kwenye raba zake, kaza nati. Rudisha waya wa betri, kipandishe na kukishusha mara tatu kabla hujafunga kava. Kikikwama, legeza nati ukipange upya. Ukikilazimisha, utarudi Gerezani kununua kingine.

Haya, kazi kwako!