Kabla ya Kuinyanyua Hilux Kuukuu

Barabara ya udongo mweusi ikishapitiwa na Fuso tatu nne wakati wa masika, hubaki mifereji miwili mirefu na tuta katikati. Pikapu ndogo ikiingia humo, matairi hufuata mifereji na tumbo hulala juu ya tuta. Dereva anaweza kukanyaga mafuta mpaka moshi ujae njia nzima, gari lisisogee hata hatua moja. Wanaopita njia za namna hiyo kila wiki ndio wanaowasumbua zaidi mafundi kwa habari ya kunyanyua gari, na swali lao la kwanza huwa moja: litapanda kiasi gani? Swali hilo lingefaa kutanguliwa na jingine: gari hili hubeba nini, na hubeba mara ngapi?

Chukua mfano wa Toyota Hilux ya kizazi cha tano, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1988, hasa ile inayotambulika kwa namba LN106. Ina injini ya dizeli iitwayo 3L, yenye ujazo wa lita 2.8, na huvuta kwa magurudumu yote manne. Ekseli zake zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ni nzima, na kila gurudumu lina springi ya mabapa. Umbo hilo ni la kizamani, lakini kwa kazi ya kunyanyua ni rahisi kuliko mengi yaliyokuja baadaye: ukiweka springi ndefu zenye mpindo mkubwa zaidi pamoja na shokapu zinazolingana nazo, chesisi hupanda.

Lakini hupanda chesisi, si ekseli. Hapo ndipo wengi hutupa fedha zao. Springi mpya huinua bodi, giaboksi na tangi la mafuta, na hulipa gari nafasi ya kupanda kingo bila kukwaruza bampa. Difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, hubaki palepale lilipokuwa, kwa sababu limeshikiliwa na magurudumu yenyewe. Kinacholiinua ni tairi kubwa tu, tena kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka. Hilux iliyokuwa na matairi ya 205R16 ikivalishwa ya inchi 31, kipenyo huongezeka kwa takriban sentimita 4 na nusu, na difu hupanda kwa kama sentimita 2. Kazi halisi ya springi ndefu ni kulipa tairi hilo kubwa nafasi ya kucheza bila kugusa fenda. Kuna gharama pia: kila mzunguko wa gurudumu sasa hulipeleka gari mbali zaidi, kwa hiyo mshale wa spidi unaposoma 100, mwendo halisi unakaribia 106, na injini inahisi gia zote zimekuwa nzito.

Kabla ya kununua chochote, futi ya kupimia hugharimu kidogo kuliko vifaa vyote. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, hupimwa umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda juu yake, pembe zote nne. Vipimo huandikwa, kisha gari hupakiwa mzigo wake wa kawaida na kupimwa tena. Springi zilizobeba mahindi, saruji na abiria kwa miaka 30 huwa zimelala, na mara nyingi upande mmoja umelala kuliko mwingine. Kuna pikapu ambazo zikivalishwa springi mpya za kiwango cha kiwandani hurudisha sentimita kadhaa, na mwenyewe akaridhika hapohapo.

Namba hizo za mzigo ndizo zinazoamua springi ipi inunuliwe. Watengenezaji wa Australia, wakiwemo Old Man Emu walio chini ya kampuni ya ARB, huuza springi za nyuma za gari moja kwa madaraja: moja kwa pikapu inayotembea tupu, nyingine kwa inayobeba kilo mia kadhaa siku zote, nyingine kwa mzigo mzito zaidi. Daraja zito huvutia macho dukani, maana mabapa ni mengi na manene. Likifungwa kwenye gari linalotembea tupu, mkia hubaki juu, springi hazijikunji, na kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi gurudumu la nyuma huruka badala ya kushika ardhi. Gari hilo huteleza konani hata kwa mwendo wa wastani. Daraja jepesi likipewa mzigo wa tani, springi hulala mwaka haujaisha, na fedha ya kunyanyua imekwenda.

Vifaa vingi vya kuaminika vya Hilux ya aina hii huinua sentimita 4 hadi 5. Kiasi hicho kinatosha kwa tairi la inchi 31 na hakilazimishi kubadili nusu ya gari. Ukivuka hapo, orodha ya vya kurekebisha hurefuka haraka: pembe ya propela, mikono ya usukani, mipira ya breki.

Njia za mkato zipo, na gereji nyingi huzijua. Moja ni kupeleka springi kuukuu zikakunjwe upya. Zikikunjwa baridi kwa mashine, zinaweza kusaidia kwa muda. Zikipashwa moto mpaka ziwe nyekundu na kuachwa zipoe zenyewe, ugumu ambao kiwanda kiliupa chuma hicho hupotea. Springi hutoka gereji ikiwa na umbo zuri na hulala tena baada ya mizigo michache. Nyingine ni kurefusha shakeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chesisi. Shakeli ikiongezwa sentimita 5, gari hupanda kama sentimita 2 na nusu tu. Kwenye Hilux hii shakeli ya mbele iko upande wa bampa, kwa hiyo kuirefusha huinamisha ekseli kwa mbele na kupunguza ule mwinamo unaofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona. Dereva hujikuta akilisahihisha gari kila wakati kwenye lami.

Njia ya tatu ni kuweka bloku ya chuma kati ya springi na ekseli. Nyuma huvumilika, ikiwa ni bloku moja, imara, yenye yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, za urefu wake. Mbele isiwekwe kabisa. Breki zinapokamatwa kwa nguvu, ekseli ya mbele hujaribu kujizungusha, bloku hugeuka wenzo unaopinda springi, na ikichomoka dereva hana tena usukani.

Hilux za kizazi kilichofuata, kuanzia 1997, zina hadithi tofauti. Nyingi za magurudumu manne zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, yakibebwa na toshen baa, fimbo ndefu za chuma zinazojisokota. Fundi akikaza boliti zake, pua ya gari hupanda papo hapo bila kununua kitu, na ndiyo maana wengi huipenda njia hiyo. Lakini fimbo haijawa na nguvu zaidi. Gari limenyanyuliwa kwa kula nafasi ambayo gurudumu lingeitumia kushuka shimoni. Mkono wa juu hugonga kikomo chake kila mara, na sivi jointi, viungo vinavyopeleka nguvu gurudumuni, hufanya kazi kwa pembe kali mpaka mipira yake ya grisi ikachanika. Kwa magari hayo, sentimita 2 au 3 mbele zinatosha.

Kazi ya kufunga springi kwenye LN106 fundi mwenye msaidizi anaweza kuimaliza kwa siku moja, mradi nati ziwe zimepuliziwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Chesisi hukaa juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya tofali la saruji, ambalo hupasuka bila kuonya. Jeki ya magurudumu huwekwa chini ya ekseli ili kuishusha polepole. Shokapu hutoka kwanza, kisha yuboliti, kisha pini za ncha mbili. Huu ndio wakati wa kuchukua brashi ya waya na tochi, kusugua matope pale springi inaposhika kwenye chesisi, na kutafuta nyufa. Pikapu iliyozidishiwa mizigo maisha yake yote huficha ufa mwembamba kama unywele nyuma ya matope hayo, na springi ngumu zaidi zitaufungua.

Springi mpya ikipanda, kichwa cha senta boliti lazima kiingie sawasawa katika tundu lake kwenye ekseli. Kikikaa pembeni, ekseli hukaa mshazari na gari hutembea upandeupande. Yuboliti ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika. Hukazwa kwa zamu, kona hii na ile ya mkabala, ili bapa likandamizwe sawa. Boliti za bushi na shakeli hukazwa kwa mkono tu mpaka gari lishuke chini na kusimama kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa hewani, bushi za mpira hubaki zimejisokota muda wote na huchanika mapema. Hatua hii ndogo hurukwa mara nyingi, kisha lawama humwendea aliyetengeneza bushi.

Baada ya hapo, ekseli huachwa ining'inie kabisa na usukani ukageuzwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, huku mtu akiangalia mipira ya breki. Ukivutika hata mmoja, hubadilishwa kwa mrefu zaidi. Mpira wa kupumulia difu nao huangaliwa. Ukichomoka, difu hunywa maji kwenye kivuko cha kwanza.

Kipo kifaa kimoja ambacho kinastahili umakini kuliko vyote, na hakionekani mpaka mtu alale chini ya gari. Hilux nyingi za kizazi hiki zina vali ya breki kwenye chesisi, karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayoiunganisha na ekseli hiyo. Mzigo ukikandamiza mkia, fimbo husukuma vali, na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Gari likinyanyuliwa, umbali huo huongezeka, na vali huamini kwamba pikapu iko tupu hata ikiwa imejaa magunia. Breki za mbele hubeba sehemu kubwa mno ya kazi, na mteremko wa kwanza mrefu ndio huonyesha tofauti. Kishikio cha fimbo hupaswa kusogezwa kwa kiasi kilekile ambacho gari lilipanda nyuma.

Kupinduka nako kuna hesabu yake. NHTSA, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, hutumia kipimo kinachogawa upana kati ya matairi kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Gari lenye upana wa sentimita 145 na kitovu cha sentimita 70 hupata 1.04. Kitovu kikipanda sentimita 4 tu, namba hushuka hadi 0.98. Weka juu yake keria ya mzigo na mapipa ya maji, na kona iliyozoeleka kwa kilomita 80 kwa saa si ileile tena. Madereva wote wa gari hilo, si mwenye gari peke yake, wanahitaji kuambiwa.

Baada ya kilomita 500 hivi, yuboliti hukazwa upya, kwa kuwa mabapa mapya huwa yamekaa na kuacha nafasi. Siku hiyohiyo hufanywa alaimenti na taa za mbele huinamishwa. Pua imepanda, na mwanga wake sasa unawapiga machoni wanaokuja.