Sanduku lenye kufuli tatu

Mvuvi wa ndagala hulipwa alfajiri, saa ambayo mwili na akili vimechoka kuliko saa nyingine yoyote. Amekesha ziwani akichunga taa. Mtumbwi ukigusa ufukwe wa Uvira, Kivu Kusini, kina mama wachuuzi wameshajipanga na mabeseni. Samaki wanauzwa, gharama za usiku zinatolewa, mwenye mtumbwi anachukua chake, na kinachobaki wavuvi wanagawana palepale mchangani. Hatua chache kutoka hapo kuna pombe ya kasiksi, kuna bia ya Primus, na simu mfukoni inaweza kubeti mechi ya Ulaya kabla nguo hazijakauka. Jua likipanda, baba anarudi nyumbani hana hata bei ya unga wa bugali.

Majirani husema hana msimamo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza watu wa namna hiyo, naona lawama hiyo imekosea mahali pa kugonga. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wazima 205 nchini Ujerumani, waliokuwa wakiulizwa mara kadhaa kwa siku wanatamani nini na kama wanapambana na tamaa hiyo. Waliosifika kwa kujitawala hawakuwa mashujaa wa kushindana na vishawishi. Walipambana mara chache zaidi, kwa sababu walikutana navyo mara chache. Anayepita njia nyingine hana haja ya kuwa na moyo wa chuma mbele ya mlango wa baa.

Akina mama wa Kivu Kusini hawakungoja utafiti huo. Kuna likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, kuna vikundi vya mshikamano viitwavyo MUSO, kuna vikundi vya akiba na mikopo vya AVEC, ambavyo mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991. Tazama sanduku la AVEC kwa karibu: ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, huku sanduku lenyewe likilala kwa mtu wa nne. Hufunguliwa kikaoni tu. Pesa inahesabiwa kwa sauti, wote wakisikia, na hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu cha kila mmoja. Ukishikwa na hamu usiku wa manane, itabidi uwaamshe watu wanne na kuwaeleza unachotaka kununua. Hamu nyingi haziwezi kusubiri aibu hiyo ipite.

Je, mtu atakubali kwa hiari kufungiwa pesa yake mwenyewe? Huko Ufilipino, Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin waliwapa wateja 710 wa benki nafasi ya kufungua akaunti ambayo pesa haitoki mpaka tarehe au kiasi walichojiwekea. Wateja 202 walikubali, ingawa benki haikuwaongezea riba hata senti.

Ila kuna sharti ambalo wahubiri wa akiba hulisahau. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake, huko Rochester, Marekani, waliwajaribu watoto 28: ukingoja bila kula peremende hii, utapata mbili. Kabla ya hapo, nusu yao walikuwa wameahidiwa vitu na mtu mzima, wakapewa. Nusu nyingine waliahidiwa, wakanyimwa. Wa kwanza walingoja wastani wa dakika 12 hivi, wa pili dakika 3. Sasa fikiria Uvira. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba watu na nyumba. Bunduki nazo huja bila taarifa. Anayekula leo chote alichopata huenda amefanya hesabu sahihi ya kesho yake. Ndiyo maana hesabu ya sauti kikaoni ina uzito kuliko hotuba: inamthibitishia mtu, wiki baada ya wiki, kwamba alichoweka bado kipo.

Na kujitawala kunafundishika hata ukubwani. Monrovia, Liberia, watafiti wakiongozwa na Christopher Blattman waliwafuatilia wanaume 999 wa mitaani, wengi wao wezi na wauza dawa za kulevya. Baadhi walipata wiki 8 za mafunzo: kutambua kinachowasha hasira au tamaa, kupumua, kuondoka, kunyoa nywele na kuingia benki kama raia wengine. Baadhi walipewa dola 200, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye, waliopata vyote viwili ndio ambao mabadiliko yao yalikuwa yamedumu vizuri zaidi.

Kwa mvuvi wangu naanza na sentensi moja, ambayo anaisema akiwa hajachoka: “Nikipokea pesa, kabla sijaondoka ufukweni, nusu namkabidhi mama watoto.” Iwe na saa, mahali na mtu; “nitapunguza pombe” haina hata kimoja. Nampa pia wakati wa kuanza: mbalamwezi, mwezi mpevu unapozifanya taa zisivute ndagala na mitumbwi kupumzika. Njia ya alfajiri kutoka ufukweni hadi baa imekatika yenyewe siku hizo, na mkewe yupo karibu wakubaliane atakuja kusimama wapi giza likirudi.