Kasi Mpya, Anwani Ileile

Barabara ya kutoka Sale kwenda Wasso, wilayani Ngorongoro, ilipowekwa lami, kilomita 49, vumbi lilipungua na safari ikafupika. Wasso ikabaki kuwa Wasso. Hakuna aliyehofia kwamba greda likishapita mji utaamka na jina jingine, au kwamba wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Wasso watapotea njia kwa sababu barabara imekuwa nzuri.

Kwenye intaneti hofu hiyo ni ya kweli. Tuseme mwenye duka Loliondo amechoka na modemu yake ya zamani, akaamua kuhamia huduma yenye kasi zaidi, iwe ya faiba au ya dishi. Video zinafunguka papo hapo, watoto wanafurahi. Wiki inayofuata yuko Arusha kufuata mzigo, anafungua simu atazame kamera za duka, hazipatikani. Umeme upo na kamera ni nzima. Kilichobadilika ni anwani ya duka lake kwenye intaneti, na yeye hakuambiwa.

Kwa nini lami ya intaneti hubadilisha jina la mji? Jibu linaanzia kwenye namba zenyewe.

Namba zilizokwisha

Anwani ya IP ya toleo la nne, ambayo bado ndiyo inayotumika sana, ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Kompyuta huisoma kama biti 32, na kanuni zake zilichapishwa Septemba 1981. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296, hesabu iliyoonekana haiwezi kwisha enzi ambazo kompyuta zilikuwa za vyuo vikuu na majeshi.

Zikaisha. Tarehe 3 Februari 2011, mamlaka inayosimamia ghala kuu la namba hizo iligawa mafungu matano ya mwisho, moja kwa kila kanda ya dunia. Fungu la Afrika lilikwenda kwa AFRINIC, msimamizi wa namba za Afrika, yenye makao yake Mauritius. Ni mwaka uleule ambao foleni za magari ziliziba njia ya Samunge, hapa Loliondo, watu wakifuata kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, yaani Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500. Ila sufuria ya Babu ilichemshwa upya kila siku. Namba za biti 32 hazina kuchemshwa upya. Aliyechelewa hugawana na mwenzake.

Sanduku la parokia

Namna ya kugawana tunaijua. Vijijini wengi hatuna sanduku la posta. Barua huja kwa S.L.P. ya shule au ya parokia, na chini yake limeandikwa jina la mhusika. Mtu mmoja analipia sanduku, kijiji kizima kinapata barua.

Kampuni za intaneti hufanya vivyo hivyo. Anwani moja ya hadharani hubebeshwa wateja wengi, na kila mteja hupewa anwani ya ndani isiyoonekana nje. Aprili 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Ili majibu yasichanganyike, mtambo wa kampuni hutumia namba za milango. Kila anwani ina milango 65,536, kwa hiyo kila mteja akitengewa elfu moja, anwani moja inatosha watu 65.

Kwa anayesoma habari au kutazama video, mpango huu hauna shida, kwa sababu yeye ndiye anayeanza kuuliza na mtambo unakumbuka jibu ni la nani. Shida huja pale wa nje anapoanza. Ombi la kutazama kamera linafika kwenye sanduku la parokia bila jina la mhusika, na mtambo unalitupa.

Ndiyo maana wenye kamera, seva ya hesabu au mfumo wa mauzo hulipia anwani tuli: namba moja, ya hadharani, isiyobadilika hata umeme ukikatika na ruta ikawaka upya. Mteja wa kawaida hukodishwa namba kwa muda tu, na ruta ikirudi hewani inaweza kupewa nyingine.

Simu inahama, anwani haihami

Tangu 1 Machi 2017, mtumiaji wa simu Tanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake. Kwa nini anwani ya IP isihame hivyo?

Simu inapopigwa, mitandao huulizia kwanza kwenye kumbukumbu ya pamoja: namba hii sasa iko kwa nani? Swali moja, kisha mazungumzo. Intaneti hukata ujumbe vipande vidogo, na ruta kubwa hupitisha mamilioni ya vipande kwa sekunde. Hakuna nafasi ya kuulizia kila kimoja. Ruta husoma mwanzo wa namba tu, kama karani wa posta anayesoma postikodi na kutupia barua kwenye gunia la kanda. Orodha ya njia inayobebwa na ruta hizo kwa anwani za toleo la nne ina takriban mistari milioni moja, na kwa desturi fungu dogo kuliko anwani 256 halikubaliwi kuingia. Kila duka likitaka mstari wake, orodha itafurika.

Kwa hiyo anwani ni mali ya njia. Umeikodi kutoka kwa kampuni, na ukihama unaiacha kama mpangaji anavyoacha namba ya chumba. Hata ndani ya kampuni moja, kutoka huduma ya mnara kwenda ya faiba kunaweza kukupeleka kwenye fungu jingine la anwani. Kuongeza kasi tu kwenye laini ileile ndiko kwenye nafasi kubwa ya kubaki na namba yako.

Kinachobaki ni jina

Mgeni anayetafuta boma la mfugaji huku Ngorongoro haulizii alama za ramani. Anauliza boma la fulani. Malisho yakiisha boma likahamia kwingine, jina linamfikisha mgeni, maana majirani wanajua fulani yuko wapi leo.

Intaneti ina majirani wa aina hiyo tangu 1983: mfumo wa majina ya vikoa. Ukisajili jina linaloishia na .co.tz, unalielekeza kwenye anwani yoyote uliyo nayo. Kamera, seva na simu za wafanyakazi zikiwekewa jina badala ya namba, kuhama kampuni ni suala la kusahihisha mstari mmoja. Tahadhari ni moja. Kompyuta duniani huhifadhi jibu la jina kwa muda unaoupanga wewe, mara nyingi saa kadhaa hadi siku nzima. Siku mbili kabla ya kuhama, punguza muda huo hadi sekunde 300. Kwa anwani zinazobadilikabadilika, ruta nyingi zinaweza kusahihisha jina zenyewe kila zinapopewa namba mpya.

Jina halisaidii kama uko nyuma ya sanduku la parokia. Fungua ukurasa wa ruta, soma anwani yake ya nje, kisha uilinganishe na ile ambayo tovuti za kupima anwani zinakuonyesha. Zikitofautiana, au ya ruta ikianza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, unachangia. Huduma za satelaiti za nyumbani, kama Starlink iliyoanza kuuzwa ng'ambo ya mpaka, Kenya, mwaka 2023, kwa kawaida huwapa wateja anwani za kuchangia.

Hapo dawa ni handaki. Unakodi seva ndogo yenye anwani tuli, na ruta ya dukani inaifungulia njia kutoka ndani, upande usiozuiwa. Wageni wanagonga kwenye seva, seva inawapitisha. Ukibadilisha kampuni mara tatu, anwani ya seva haijaguswa. Chagua seva ya karibu, Dar es Salaam au Nairobi, kwa sababu umbali unalipiwa kwa muda. Satelaiti ya zamani iliyo kilomita 35,786 juu tayari inakula karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, wakati zile za kilomita 550 hazifiki huko. Handaki likiwa la VPN, kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao.

Suluhisho la kudumu ni anwani za toleo la sita, zenye biti 128, zinazotosha kila kamera na kila bomba la maji kuwa na namba yake. Muulize mtoa huduma kama anazitoa.

Ukishapata anwani ya hadharani, badilisha nywila ya kiwandani ya kamera na ruta siku hiyohiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa kompyuta moja yenye laini ya kasi inaweza kubisha hodi kwenye anwani zote za toleo la nne kwa chini ya dakika 45. Udogo wa duka lako haukufichi.

Siku ya kuhama, usikate laini ya zamani. Fundi akimaliza kufunga, sogea pembeni, zima Wi-Fi ya simu utumie bando, maana ukijaribu ukiwa ndani ya mtandao wako unaweza kudanganyika. Andika jina, si namba. Kamera ikikuonyesha fundi bado anashuka ngazi, laini ya zamani unaweza kuiaga.