Maji ya Dripu: Nani Anayahitaji?

Sogeeni karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno letu la leo: DRIPU. Someni pamoja: dri-pu. Neno hili limetoka ng'ambo, lakini hapa Songea halihitaji mkalimani. Mtu akisema, "Jana nilitundikiwa dripu," kila mmoja anaelewa. Alikuwa amelala kitandani, chupa ya maji inaning'inia juu yake, na mpira mwembamba unayaleta maji hayo mpaka kwenye sindano iliyoingia katika mshipa wa mkono wake.

Zamani mtu alitundikiwa dripu kwa kuwa anaumwa sana. Siku hizi mambo yameongezeka. Katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam kuna kliniki ambako mtu aliyefika kwa miguu yake mwenyewe hulipa fedha ili atundikiwe maji yenye vitamini. Anataka kuondoa uchovu, au ngozi ing'are, au kichwa kitulie baada ya pombe. Na hata mahali pasipo na kliniki za namna hiyo, wako watu wanaomwomba mganga "ile ya njano". Mkulima ametoka shambani amechoka, na fedha alizoziweka kwa ajili ya mbolea zinaishia kwenye chupa. Basi, na tutazame ndani ya chupa hiyo.

Chupa ya kawaida ina nusu lita ya maji. Ikiwa ni ya chumvi, ndani yake mna gramu nne na nusu za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ikiwa ni ya sukari, kwa kawaida mna gramu 25 za sukari, kama vijiko 6 vya chai. Ndiyo hayo tu. Watu husema dripu ni chakula. Lakini bakuli la uji wa ulezi wenye sukari na karanga linampa mtu nguvu kuliko chupa hiyo, na halihitaji sindano.

Je, vitamini? Rangi ya njano inatokana na vitamini za kundi B, hasa B2. Mwili hutumia kiasi kidogo cha vitamini B na C. Zikizidi, figo huzichuja na kuzitoa katika mkojo. Ndiyo sababu mtu aliyetundikiwa "ile ya njano" huona mkojo wake umekuwa wa njano kali. Anafurahi, anasema dawa inafanya kazi. Kumbe anaziona fedha zake zikimwagika chooni. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 hivi za vitamini C kwa siku, na pera moja tu lina zaidi ya hizo. Vitamini B zimo katika maharage, ulezi, mayai, na dagaa wa Ziwa Nyasa wanaouzwa sokoni. Hakuna utafiti imara ulioonyesha kwamba mtu mwenye afya, anayekula na kunywa, huongezewa nguvu kwa kutiwa vitamini mshipani.

"Lakini mimi nilipata nafuu!" atasema mmoja wenu. Inawezekana. Alilala saa nzima mahali penye utulivu, akapata maji, na mtu akamwangalia. Hata hivyo tuulize: uchovu ule ulitoka wapi? Upungufu wa damu huchosha. Kisukari huchosha. Kifua kikuu huchosha, na mimba pia. Kila ugonjwa katika hiyo una kipimo chake. Anayetundikiwa chupa bila kupimwa huenda nyumbani na ugonjwa wake, tena umepata muda wa kukua.

Tena kuna hatari. Sindano hutoboa ukuta wa mwili. Isipokuwa safi, vijidudu huingia moja kwa moja katika damu. Sindano iliyotumika kwa mwingine yaweza kuleta homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo akitiwa maji mengi, maji hujaa mapafuni, naye hushindwa kupumua. Kwa hiyo usikubali kutundikiwa dripu dukani, wala nyumbani kwa mtu asiye na cheti.

Sasa msinielewe vibaya. Dripu ni dawa kubwa sana. Mwaka 1832, wakati wa kipindupindu, daktari Thomas Latta wa Leith, huko Scotland, alimtia maji ya chumvi mshipani bibi kizee aliyekuwa anakata roho. Baada ya karibu lita tatu, macho yaliyokuwa yamezama yakang'aa, na bibi akasema hana maumivu. Daktari akaondoka kwenda kupumzika. Kuharisha kukarudi, maji hayakuongezwa, na baada ya saa chache bibi akafa. Daktari aliendelea kuitumia njia hiyo, na wagonjwa wengine wakapona. Mpaka leo dripu huwaokoa waliozimia, wanaopasuliwa, wanaotapika kila kitu, na waliokaushwa na kipindupindu.

Lakini kwa wengi wanaoharisha mdomo watosha. Hilo lilionekana mwaka 1971 huko Bangaon, India, katika kambi ya wakimbizi kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Kipindupindu kilikuwa kikali na dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe. Vifo katika kambi vilishuka kutoka wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Kwa nini sukari? Utumbo unaoharisha hupokea chumvi kwa shida ikija peke yake. Ikiandamana na sukari mlango hufunguka, na maji hufuata nyuma yake.

Dawa hiyo imo katika pakiti za zahanati. Pakiti zikikosekana, fanyeni hivi. Shikeni kalamu, nitasema polepole. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita 1. Sukari, vijiko 6 vya chai, vya kufuta juu, visivyo na kilima. Chumvi, nusu kijiko cha chai, basi. Chumvi ikizidi inadhuru. Koroga. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, na kunyonya kuendelee. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena. Yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine.

Mama, ukiona macho ya mtoto yamezama, au ukifinya ngozi ya tumbo lake inarudi polepole, au amelegea hawezi kunywa, usikae kukoroga chumvi. Mkimbize zahanati, au Hospitali ya Mkoa, au Peramiho ikiwa ndiko karibu, na njiani endelea kumpa maji hayo ikiwa anameza. Huyo ndiye mwenye haki ya dripu.

Kazi ya kikundi: mwalimu alete kijiko cha chai, sukari, chumvi na chombo cha lita moja. Kila mwanafunzi apime mwenyewe mbele ya wenzake, kisha aandike vipimo hivyo katika daftari lake bila kutazama ubaoni.