Mgeni na Jembe: Dhana ya Kujitolea katika Miradi ya Kijamii ya Mombasa Bara

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkanya mgeni asiwe mzigo. Hata hivyo, ina funzo jingine lisilotajwa sana: shamba ni la mwenyeji, na mwenyeji ndiye ajuaye palipolimwa na pasipolimwa. Makala haya yanadhamiria kuifafanua dhana ya kujitolea kwa mwanga wa methali hiyo, hasa kuhusu wageni watokao ng'ambo kuja kuhudumu katika miradi ya kupambana na umaskini huko Likoni, Kisauni na Changamwe.

Kisarufi, kitenzi kujitolea kimetokana na kutoa. Kauli ya kutendea huzaa tolea, yaani kutoa kwa ajili ya fulani. Nacho kiambishi -ji- humfanya mtendaji awe ndiye kitolewacho. Anayejitolea basi hutoa nafsi yake, na huitoa kwa ajili ya wengine. Mashirika kama VSO ya Uingereza (1958) na Peace Corps ya Marekani (1961) yaliikuta Afrika Mashariki ikiwa tayari na maneno ujima na msaragambo, yote yakimaanisha kazi ya pamoja isiyo na ujira.

Moyo huo ungali hai katika vikundi vya wanawake na vya vijana mitaani. Wanachama huchanga, hukopeshana, huzoa taka na kufuga kuku. Vikundi vyenyewe husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, vikiwa na katiba na viongozi waliochaguliwa. Kwa hivyo, mgeni anapowasili huwakuta wenye kazi wakiwa kazini.

Mfano bayana ni kijiji cha Owino Uhuru, kilichoko Jomvu, jirani na Changamwe. Kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwa betri chakavu kiliwasumisha wakazi. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe pia alidhurika, aliacha kazi, akaanzisha mwaka 2009 shirika la kutetea mazingira na haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, lakini Mahakama ya Juu iliurejesha mwaka 2024. Misaada kutoka nje ilikuwepo, ila waliolitambua tatizo na kulisimamia kwa miaka yote hiyo ni wenyeji.

Kinyume chake huonekana pale mgeni anapochagua kazi kwa kufuata huruma yake. Vituo vya watoto ni kielelezo. Kwa miaka mingi viliwavutia wageni na fedha zao, ilhali watoto wengi walio vituoni wana mzazi au jamaa aliye hai. Fedha zikifuata kituo, familia maskini hushawishika kumtoa mtoto nyumbani. Naye mtoto huzoea nyuso mpya zinazotoweka kila baada ya majuma machache. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikatanguliza malezi ya familia.

Je, mgeni afanye nini? Kwanza, aulize ni nani aliyeubuni mradi na ni nani anayeshika hesabu zake. Pili, asifanye kazi ambayo kijana wa Likoni angeifanya kwa ujira. Tatu, alete ujuzi unaohitajika na usiopatikana, kwa mfano utunzaji wa hesabu au ukarabati wa mashine, na amfundishe mtu atakayebaki nao. Mgeni aliyejitolea kweli hupimwa siku ya kuondoka kwake: je, kazi inaendelea? Ikiwa imesimama, huyo hakushika jembe la mwenyeji. Alikuja na lake, akaondoka nalo.