Papa, Shika Kaye Uniulize

Wandugu wafanyakazi, wamama wa kambi, na ninyi vijana wa mwaka wa mwisho wa humanite, leo hatuzungumuzie mushahara wala kofia za kazi. Tunazungumuzia kozi moja yenye watoto wetu wa pedagojia wanaogopa ku Examen d'État: psikolojia.

Mutu atasema: sendika inatafuta nini mu kaye za watoto? Jibu ni hili. Toka mwaka wa 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari tunalipa. Mutoto akianguka, tunalipa tena minerval, tunalipa tena feza ya egzame, na ile feza inatoka mu mushahara wa mutu mwenye kushuka mu shimo. Mwaka mumoja wa kurudia unakula nyumba nzima.

Mwaka uliopita binti wa mwenzetu wa posta ya usiku alianguka. Hakukuwa muvivu. Sisi majirani tulimuona kila magaribi na kaye yake, anasoma, anapiga mistari kwa biki nyekundu, mpaka umeme unakatika. Wakati matokeo yalitoka, jina yake haikuwa. Mama yake alilia. Papa yake hakusema kitu, alivaa tu buti zake na kwenda ku kazi.

Kisha siku fulani tulikaa na huyu binti, tukamuuliza ilikuwa namna gani. Alituambia: "Nilisoma yote. Ulizo niliona, na nilijua kabisa liko mu kaye, hata ukurasa niliona mu kichwa. Lakini jibu lilikataa kutoka."

Njo pale tulielewa. Kutambua kitu na kukikumbuka ni mambo mbili. Jirani unamutambua mu njia, lakini jina yake inakupotea. Ukisoma kaye mara kumi, macho inazoea maneno, na kichwa inasema "hii ninajua". Inakudanganya.

Jambo la ajabu ni kwamba psikolojia yenyewe inafundisha namna ya kuisoma. Mwaka wa 1885 Mujerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Alijifunza silabi zenye hazina maana, kisha akajipima yeye mwenyewe kuona ngapi zinabakia. Aliona kwamba kusahau kunakimbia sana mu masaa ya kwanza, kisha kunapunguza mwendo. Mu mwaka wa 2006, ku Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichukua wanafunzi. Wamoja walisoma andiko tena na tena. Wengine walisoma, wakafunga, wakaandika yenye walikumbuka. Kisha dakika 5, wenye kurudia kusoma njo walishinda. Lakini kisha juma moja, wenye walijipima njo walikumbuka zaidi. Na egzame haikujaka kisha dakika 5!

Basi mwaka huu yule binti alibadilisha namna. Alikamata kaye mupya: ukurasa wa kushoto ulizo, wa kuume jibu. Subui, wakati papa yake anarudia ku kazi, mbele ya kulala, anamupatia kaye: "Papa, shika, uniulize." Papa yake alifika mwaka wa tano wa msingi tu. Anasoma polepole, na maneno ya Kifaransa yanamukwamisha. Haizuie kitu. Binti anajibu kwa Kiswahili, na papa akikosa kuelewa anamurudisha: "Hapana, mama, nieleze muzuri." Kisha binti anaandika jibu ile ile kwa Kifaransa, sababu egzame ni ya Kifaransa. Ni dakika 10, hazipite. Ulizo lenye alikosa, linarudia kesho yake. Lenye alipata, linarudia kisha siku tatu, kisha juma moja.

Siku moja walifika kwa Jean Piaget, ule Muswisi mwenye alichunguza namna akili ya mutoto inakomaa. Papa hakuamini. Basi walijaza maji mu vikombe viwili vya sawasawa, wakaita mutoto mudogo wa miaka mitano. "Maji ni sawa?" Akasema ni sawa. Wakamwanga maji ya kikombe kimoja mu chupa nyembamba na ndefu, mbele ya macho yake. "Na sasa?" Mutoto akaonyesha chupa: "Humu njo muko mingi!" Papa alicheka mpaka usingizi ukaisha. Binti hatasahau tena kama mutoto wa umri ule hajafika ku hatua ya "opérations concrètes", yenye Piaget aliweka karibu na miaka saba.

Hata kazi yetu inasaidia. Watoto wanachanganya Pavlov na Skinner. Wekeni hao wawili pamoja ku ukurasa mumoja. Kwa Pavlov, alama inatangulia: sirena ya chakula inalia, mate inajaa kinywa mbele hujaona sahani. Kwa Skinner, matokeo yanafuata tendo: timu imemaliza mwezi bila aksida, inapata prime, mwezi wenye kufuata inachunga zaidi. Mutoto wa mufanyakazi ambaye ameelewa sirena na prime, hawezi kuchanganya tena.

Kwa siku ya egzame yenyewe, mambo ine. Moja: funika majibu kwa mukono, soma ulizo, tafuta jibu yako mu kichwa, kisha funua. Ukianza kwa majibu, yote yatafanana na kweli. Mbili: chunga maneno madogo kama "sauf" na "ne... pas", yanageuza ulizo lote. Tatu: anza na yenye unajua, weka alama ku yenye inakukatalia, rudia kisha. Ine: angalia kama namba ya ulizo na namba ya fasi yenye unajibia ni moja. Ukiruka mustari mumoja, yote yenye kufuata inaharibika.

Na usiku wa mbele, lala. Sisi wa posta ya usiku tunajua mutu bila usingizi anakuwa namna gani. Mu mwaka wa 1924 Jenkins na Dallenbach walionyesha kama mutu mwenye kujifunza kisha akalala anakumbuka zaidi kuliko mwenye alibakia macho. Kukesha na kaye ni kuchoma posho yako wewe mwenyewe.

Neno moja kwa wazazi wenzetu. Kuko watu wenye kupita mu kambi wanauzisha "majibu" ku telefone. Ile feza, nunueni kaye na taa. Hata kama majibu ingekuwa ya kweli, mutoto mwenye diploma bila akili atasimama siku moja mbele ya watoto wenu mu kalasi, na hatakuwa na kitu cha kuwapatia. Na nyumba yenye hakuna mutu alisoma, musiseme hamuwezi kusaidia. Kushika kaye na kusema "nieleze", hakuombi diploma.

Yule binti ataandika tena mwaka huu. Matokeo hatuyajue, lakini tunajua kama jibu sasa linatoka. Na papa yake? Juzi, mu masaa ya kupumuzika, sirena ililia, kijana mumoja akapanguza kinywa. Papa akamuangalia, akasema: "Ile njo Pavlov." Toka siku ile, mu posta ya usiku, watu wanamuulizaga yeye.